Somo: Maonyesho ya Muziki ya Skuli za Kati katika Marekani

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa hapa pwani. Nduguye amehamia mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, na binti ya nduguye huyo, mwenye umri wa miaka 12, asoma darasa la saba katika skuli ya serikali. Skuli imeleta barua nyumbani kwamba mwezi wa Disemba kutakuwa na onyesho la muziki wakati wa usiku, na kwamba kila mwanafunzi wa kwaya hana budi kuhudhuria, na asiyehudhuria bila ya udhuru atapunguziwa alama. Babake hajui la kufanya. Amemwandikia nduguye, na nduguye ametuletea sisi, akiuliza kwa maneno machache: hili ni somo au ni mchezo? Na je, amwachie mtoto au amzuie?

Suala ni fupi, lakini jawabu yake yataka subira. Wanazuoni wetu wametufunza kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Asiyejua sura ya kitu hawezi kukihukumu kwa haki. Na wengi wetu, likitajwa neno muziki, fikira zetu huruka moja kwa moja kwenye matarumbeta ya harusini au tarabu ya usiku kucha. Haya tuyajuayo siyo yanayoulizwa. Kwa hivyo tutaeleza kwanza jambo lenyewe lilivyo huko liliko, kisha tuseme tunaloliona.

Skuli ya kati katika Marekani ni ile iliyo baina ya skuli ya msingi na ya sekondari. Katika miji mingi huwa na madarasa matatu, la sita, la saba na la nane, na watoto wake ni wa umri wa miaka 11 hata 14. Mpango wa kuwatenga watoto wa umri huu katika skuli yao wenyewe haukuwa wa zamani sana. Na kwa sadfa, skuli inayotajwa sana kuwa ya mwanzo wa namna hii ni ile ya Indianola, iliyofunguliwa mwaka 1909 katika mji huo huo wa Columbus anakokaa mwulizaji.

Ama muziki wenyewe uliingia katika skuli za serikali mapema zaidi. Mwaka 1838 halmashauri ya skuli za mji wa Boston ilikubali kuimba kuwe somo kama hesabu na kuandika, kwa juhudi za mtu aitwaye Lowell Mason. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mtoto aweza kufundishwa kuimba, si yule tu aliyezaliwa na sauti nzuri. Bendi zilikuja baadaye. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, wapigaji wengi wa bendi za jeshi walirejea makwao, na baadhi yao wakawa walimu wa skuli. Wenye viwanda vya kutengeneza matarumbeta nao waliona soko jipya na hawakulala. Mwaka 1923 yakafanywa mashindano ya kitaifa ya bendi za skuli katika mji wa Chicago. Tangu hapo bendi ya skuli ikawa jambo la kawaida hata katika vijiji vya mashamba ya mahindi.

Basi leo mtoto akiingia darasa la sita, mara nyingi hupewa hiari ya kuchagua mojawapo ya matatu: bendi, okestra au kwaya. Bendi ni ya vyombo vya kupuliza na vya kupiga: filimbi, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tromboni, tuba, pamoja na ngoma na matoazi. Okestra ya skuli ya kati kwa kawaida ni ya nyuzi peke yake: fidla, na fidla kubwa kidogo iitwayo viola, na chelo inayochezwa kwa kukaa, na besi iliyo ndefu kuliko mtoto anayeishika. Aliyekwisha kuiona okestra ya tarabu ya Unguja, kama ile ya Akhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, hatavistaajabia vyombo hivi. Wengi wao ni wageni wa nyumbani. Kwaya ni sauti tupu za watoto, na piano ya kuwasaidia.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo, kwani hili ndilo kosa la watu wengi: huliona onyesho la usiku mmoja, wakadhani ndilo somo. Onyesho ni mlango wa mwisho. Nyuma yake kuna miezi mitatu ya kazi, kila siku au siku moja baada ya nyingine, kipindi cha dakika arubaini au hamsini.

Mtazame mtoto wa tarumbeta. Siku ya kwanza hapewi tarumbeta nzima. Hupewa kinywa chake tu, kile kipande kidogo kinachotiwa midomoni, naye hufunzwa kubana midomo mpaka hewa itetemeke. Wiki za mwanzo hutoka sauti ya kutisha, na majirani huvumilia. Kisha hujifunza sauti tano, na kwa sauti hizo tano hupiga vipande vifupi. Kila sauti ina alama yake katika karatasi yenye mistari mitano, na kila alama ina muda wake. Yuko anayekaa kwa hesabu nne, yuko wa mbili, yuko wa nusu. Na ziko alama za kunyamaza, nazo huhesabiwa vile vile. Mwalimu yeyote wa bendi atakwambia kwamba kumfundisha mtoto wa miaka 12 kupuliza ni rahisi. Kazi ngumu ni kumfundisha kunyamaza hesabu nane, huku wenziwe wanapiga, kisha aingie katika hesabu ya tisa bila ya kukawia na bila ya kutangulia.

Pana jambo jingine litakalomshangaza asiyejua. Vyombo hivi havisemi lugha moja. Sauti ambayo mpiga tarumbeta huiita kwa jina moja, mpiga filimbi aliyekaa mbele yake huiita kwa jina jingine, kwa sababu ya namna vyombo vyenyewe vilivyotengenezwa zamani. Mwalimu akitaka wote watoe sauti moja hana budi kutumia jina la kukubaliana, na kila mtoto alitafsiri katika kichwa chake kwa mujibu wa chombo chake. Watoto hamsini au sitini, kila mmoja na tafsiri yake, wakatoa sauti moja. Kabla ya kuanza lolote hulinganisha sauti hizo: okestra huzilinganisha na sauti moja ya mtetemeko wa mara 440 kwa sekunde, ambayo ndiyo kipimo kilichokubaliwa katika nchi nyingi. Mtoto husikiliza kama sauti yake iko juu au chini ya ya mwenziwe, akaivuta au akaishusha. Huwezi kuifanya kazi hii na huku unajisikiliza mwenyewe tu.

Kwaya ina mtihani wake. Umri huu ndio umri wa kuvunjika sauti za wavulana. Mtoto aliyeanza mwaka akiimba kama ndege, katikati ya mwaka sauti yake hukatika, mara juu mara chini, naye huona haya, na wengine huacha kabisa. Mwalimu mwema hupima sauti zao mara kwa mara, akamtoa huyu kundi hili akamtia kundi lile, na huchagua nyimbo zisizompandisha mtoto mno wala kumshusha mno. Twalitaja hili kwa kuwa mwulizaji ametaja binti, na sauti ya binti nayo hubadilika umri huu, ingawa kwa upole: huwa na pumzi nyingi na nguvu kidogo kwa muda, kisha hutengenea.

Usiku wa onyesho basi huwa hivi. Wazazi huja ukumbini, au katika chumba kikubwa cha michezo ikiwa skuli haina ukumbi, wakaa juu ya viti vya chuma. Watoto huvaa nguo nyeusi, au suruali nyeusi na shati jeupe. Darasa la sita hutangulia, na yao huwa fupi na nyepesi, kwani sauti wazijuazo ni chache. Kisha la saba, kisha la nane, na kila darasa lionekana limepanda daraja. Muziki wa bendi za skuli huchapishwa kwa daraja za ugumu kutoka la kwanza hata la sita. Watoto hawa wako katika zile za chini. Wasikilizaji hukaa kimya mpaka mwisho, wala hawapigi makofi katikati. Na kipande chenye sehemu tatu hungojewa mpaka sehemu zote zimalizike. Hapana kutuza pesa, hapana vigelegele, hapana kucheza. Saa moja na kidogo, wameondoka. Mtu wa pwani aliyezoea shangwe aweza kuona ni kukavu.

Sisi tuna mfano wake ulio karibu kuliko tarabu. Ni siku mtoto wa chuoni anapohitimu, akakalishwa mbele ya wazee na majirani akasomeshwa. Hakuna aliyekwenda pale kujiburudisha, ingawa sauti ikiwa nzuri moyo hufurahi. Watu wamekwenda kuona mwalimu alifanya nini na mtoto kwa muda wote ule. Hatusemi kwamba vitu viwili hivi vina utukufu mmoja; hashaa. Twasema kwamba kazi ya mkutano ni moja: mwalimu huweka kazi yake hadharani, na wazazi huiona kwa macho yao. Ni masomo machache mno yaliyo na ujasiri huo. Mwalimu wa hesabu hawaiti wazazi usiku kuwaonyesha darasa lake likikosea.

Zaidi ya maonyesho ya nyumbani kuna pia mapimo ya majira ya kuchipua, mwezi wa Machi na kando zake. Skuli hupeleka bendi au kwaya yake mbele ya waamuzi, nao hutoa alama kutoka 1 hata 5, na moja ndiyo bora. Hawashindanishwi wenyewe kwa wenyewe; kila kundi lapimwa kwa kipimo kilichowekwa, na makundi yote yaweza kupata 1. Katika majimbo kama Texas watoto huingizwa pia katika chumba cha pili, wakapewa karatasi ambayo hawajapata kuiona, wakapewa dakika chache za kuitazama, kisha wakaipiga papo hapo. Hapo hapana kuhifadhi kwa moyo kama kasuku. Anayejua kusoma hujulikana, na asiyejua hujulikana.

Jambo hili lisidhaniwe ni la mbali nasi. Kenya ina tamasha lake la muziki la skuli tangu mwaka 1927, na tangu Januari 2023 watoto wetu wa gredi ya saba wamo katika skuli ya kati ya aina yetu, gredi ya saba hata ya tisa. Mzazi wa Kisauni aweza kuletewa barua kama aliyoletewa mzazi wa Columbus.

Sasa turejee kwenye kiini cha suala, nacho kina pande mbili ambazo watu huzichanganya. Upande mmoja ni ala, na wa pili ni maneno.

Khilafu juu ya ala ni ya zamani, wala hatuimalizi katika ukurasa mmoja. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, wakaruhusu dufu katika harusi na Idi. Ibn Hazm wa Andalusi alikwenda njia nyingine, akasema hadithi za kukataza hazikuthubutu kwake. Imamu Ghazali katika Ihya amepambanua kwa urefu baina ya hali na hali. Mzazi afuate mwalimu anayemwamini, na asiyeruhusu nyuzi na tarumbeta amwelekeze mtoto mahali pengine. Binti wa mwulizaji yuko katika kwaya, kwa hivyo upande huu haumgusi sana; chombo pale ni piano ya mwalimu, wala yeye hakishiki.

Maneno ndiyo yanayomgusa. Mwezi wa Disemba ni mwezi wa Krismasi, na nyimbo nyingi zinazojulikana na kwaya za Kimarekani zilitungwa kwa ajili ya sikukuu hiyo. Baadhi yake ni za theluji na kengele, hazina itikadi yoyote. Baadhi yake ni za dini waziwazi, zamtaja Nabii Isa kwa sifa ambazo sisi hatumpi kiumbe. Mtoto wetu hapasi kuzitamka hizo kama anayekiri. Hapa hatuoni nafasi ya kulegeza, wala hatudhani Mkristo mwenye dini yake angependa mtoto wake asimame mbele ya watu akaimbe kinyume cha imani ya babake.

Lakini kabla ya kukasirika, yafaa kujua sheria ya nchi yenyewe inasemaje, maana wazazi wetu wengi waliohamia huko hudhani hawana haki, nao wanayo. Skuli za serikali za Marekani zimekatazwa kuhubiri dini yoyote. Mwaka 1980 mahakama ya rufani iliamua kesi ya mji wa Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, ambako wazazi walilalamikia nyimbo za Krismasi skulini. Mahakama ilisema kanuni za skuli ile zafaa: nyimbo zenye asili ya dini zaweza kufundishwa kama sehemu ya elimu na utamaduni, madhali zafundishwa kwa uangalifu bila ya kupendelea upande, na kanuni zile ziliruhusu mwanafunzi asiyetaka asamehewe. Mwaka 1997 mahakama nyingine ya rufani ilihukumu kesi ya msichana wa Kiyahudi wa skuli ya sekondari katika Salt Lake City, aliyelalamika kwamba kwaya yake yaimba nyimbo nyingi za Kikristo. Alishindwa, na moja katika mambo yaliyozingatiwa ni kwamba alikuwa ameambiwa aweza kutoimba nyimbo hizo bila ya kupunguziwa alama. Na mwaka 2009 mahakama ya rufani iliiachia wilaya moja ya skuli katika New Jersey kanuni yake ya kuzuia nyimbo za dini katika maonyesho ya sikukuu. Maana yake, skuli yaweza kuziimba kwa uangalifu, na yaweza pia kuziacha. Na mzazi anayetaka mtoto wake asamehewe haombi jambo geni. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa wazazi wa Maryland, na Waislamu wakiwa miongoni mwao, haki ya kuwatoa watoto wao katika masomo ya vitabu fulani vya hadithi vilivyopingana na dini zao wakati kesi inaendelea. Hiyo ilikuwa kesi ya vitabu, haikuwa ya nyimbo, lakini walimu wameisikia.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu mwulizaji ni hili. Asimtoe binti katika kwaya kwa ghadhabu katikati ya mwaka. Mtoto wa miaka 12 aliyefanya kazi miezi mitatu, kisha siku ya kuonekana kazi yake akafungiwa nyumbani bila ya kuelezwa sababu, hatajifunza kwamba dini yake ni tukufu. Atajifunza kwamba dini ndiyo inayomvunjia. Na wala asimwache aimbe kila kitu kwa kuona haya mbele ya mwalimu. Amwandikie mwalimu leo, kwa adabu, amwombe majina ya nyimbo zote na maneno yake. Walimu huchagua nyimbo wiki nyingi kabla, na wengi wao wapenda kuulizwa mapema kuliko kukuta mtoto hayupo usiku wa onyesho. Akiisha kuyasoma maneno, azitaje nyimbo ambazo binti hataimba, aulize atakaa wapi wakati zinapoimbwa, na alama yake itahesabiwaje. Apate jawabu kwa maandishi. Binti mwenyewe aelezwe sababu na babake au mamake, nyumbani, kabla ya kuulizwa na wenziwe.

Na usiku wenyewe, babake aende. Tumesikia kwa wengi waliosomesha huko kwamba wazazi wetu huonekana skulini siku ya malalamiko tu. Akae kitini, asikilize, ampe mwalimu mkono akipenda au amsalimu kwa kichwa. Mwaka ujao neno lake litasikizwa upesi zaidi.

Limebaki la mapimo ya Machi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzo wa mwezi huo, na kila mwaka hurudi nyuma siku kama kumi na moja, mpaka miaka ya mwanzo ya 2030 itakapoangukia Disemba yenyewe. Maonyesho mengi huanza baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu za usiku, na saa hizo kwa Machi ni pale pale pa kufuturu. Mtoto aliyefunga aweza kuimba. Koo lake litakauka, na mwalimu akijua hatamtia mbele kwa sauti za juu. Achukue tende mfukoni, na mzazi amwarifu mwalimu mapema wakati wa magharibi wa siku hiyo, ili asishangae akimwona mtoto mmoja amenyanyuka pembeni mwa jukwaa akitia kitu kinywani.